Tope la mtaroni lisiachwe ukingoni

Ndugu Mhariri,

Mvua zikikaribia, ukurasa wenu wa habari za mitaa hujaa matangazo ya siku za usafi: Jumamosi, saa moja asubuhi, kila mkazi aje na koleo. Siku mbili tatu baadaye inatoka picha ya watu walioinama mtaroni, na habari inaishia hapo. Naomba mwandishi wenu aulize swali moja zaidi: lile tope limekwenda wapi?

Mara nyingi halijaenda popote. Limerundikwa ukingoni "likauke kwanza", na mvua kubwa ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Hata mvua isiponyesha, magurudumu na nyayo hulisukuma humo kidogo kidogo. Nguvu za watu arobaini zinakuwa zimepotea, na mwakani wanaojitokeza ni kumi na watano. Si kwamba watu ni wavivu. Hakuna aliyepiga hesabu ya mzigo kabla ya kuitisha watu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukueni mtaro wa mita 100, wenye upana wa nusu mita na tope la kina cha sentimita 20. Hilo ni tope la mita za ujazo 10. Kila mita ya ujazo ya tope bichi lenye mchanga ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo jumla ni tani 15 hadi 20. Lori la tani saba litahitaji tripu tatu. Kwa toroli linalopakiwa lita 50 ni safari 200, na hizo lita 50 peke yake ni kama kilo 90, mzigo wa kumtosha kabisa msukumaji mmoja. Ndiyo maana lori, na mahali palipokubaliwa pa kumwaga, vipatikane kabla koleo la kwanza halijaingia mtaroni. Likipatikana lori la tripu moja tu, basi zisafishwe mita 30 na tope lake liondoke siku hiyohiyo. Ikilazimu lilale, litiwe kwenye viroba, kila kimoja nusu tu. Kiroba kilichojaa hakinyanyuki, na kikiburutwa kinapasuka.

Kosa la pili ni kuanzia juu, mbele ya nyumba za walioitisha kazi. Usafi wa mtaro huanzia chini, pale mtaro unapomwaga maji, kisha unapanda. Ukianzia juu, maji yanapata kasi na kubeba mchanga hadi kwenye kalvati, ile njia ya maji chini ya barabara, iliyoziba, na huko yanafurika kwa majirani ambao jana walikuwa salama.

Kuanzia chini kuna faida nyingine: unapata kipimo cha kina. Sakafu ya kalvati ndiyo inayoamua mtaro uchimbwe hadi wapi. Vijana wenye nguvu hupenda kwenda chini zaidi, kwa kudhani kina kirefu kitabeba maji mengi. Kumbe sehemu iliyochimbwa chini ya sakafu ya kalvati haitoi maji, inageuka dimbwi. Katika joto, yai la mbu humaliza safari yake hadi kuwa mbu anayeruka kwa wiki moja hadi mbili, na mbu aina ya Culex, ambao katika maeneo mengi hueneza matende, hupenda maji machafu yaliyotuama namna hiyo. Fundi mwenye mpira wa maji unaoonyesha ndani atapima mteremko kwa dakika chache. Mteremko wa sentimita tano kwa kila mita 10 unatosha vizuri kwa mtaro wa kawaida. Asipopatikana fundi, mwageni ndoo kadhaa za maji mtaroni mtazame yanasimama wapi.

Wapo wanaosema tope likifika nusu ya mtaro bado nusu inafanya kazi. Si kweli. Mtaro wa upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 60 ukijaa tope hadi nusu, uwezo wake wa kupitisha maji unashuka hadi kama asilimia 40, kwa sababu maji yaliyobaki yanasuguana zaidi na kuta na sakafu kulingana na wingi wake. Kuta zikiwa zimeota nyasi, unashuka zaidi ya hapo.

Kalvati ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na mara nyingi ndiyo inayorukwa. Pitisheni kamba kwa fito ndefu hadi itokee upande wa pili, fungeni katikati yake ndoo imara iliyotobolewa matundu, kisha watu wavute kwa zamu, upande huu na ule. Ndoo hukomba tope na kuachia maji. Mtu asitambae ndani kwa hali yoyote, wala asishuke kwenye chemba ya maji taka iliyofunikwa. Humo hujikusanya gesi yenye harufu ya yai viza, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hivyo anayedhani harufu imeisha huenda yuko karibu na kuanguka. Anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Chemba ziachiwe wenye vifaa vya kazi hiyo.

Mabomba ya maji ya kunywa nayo hayatajwi kwenye tangazo lolote, ilhali katika mitaa mingi yamekatiza ndani ya mitaro. Koleo likiyatoboa, maji yanaruka na kila mtu anaona. Hatari huja maji ya bomba yanapokatika: presha inashuka, na tundu lilelile linavuta maji ya mtaro kuingia kwenye bomba. Kipindupindu na homa ya matumbo hupata njia hapo. Kabla ya kuchimba, kila bomba lifungiwe kitambaa chenye rangi kali, na sentimita 30 kila upande zichimbwe polepole kwa mkono wenye glavu. Glavu na gambuti ni lazima kwa kila anayeshuka, maana mkojo wa panya ulio kwenye tope huingiza ugonjwa kupitia michubuko midogo. Mwenye kidonda mguuni apewe kazi ya kusukuma toroli.

Kwa hiyo, Mhariri, tangazo la siku ya usafi likiletwa mezani kwenu, muulizeni aliyelileta mambo manne: kazi inaanzia wapi, lori litapiga tripu ngapi, tope linamwagwa wapi, na nani atarudisha mifuniko kabla ya giza. La mwisho lisipuuzwe, kwani mtaro uliofunguliwa mchana na kuachwa wazi usiku unavunja miguu ya watu, na mtoto akitumbukia humo wakati wa mvua anaweza asionekane tena. Majibu hayo manne yachapwe pamoja na tangazo.

Na picha ya koleo mkiweza iacheni. Mpigapicha aende mahali palepale asubuhi ya baada ya mvua kubwa ya kwanza, asimame juu ya kalvati, apige upande wa juu na upande wa chini.

Msomaji wa ukurasa wa mitaa