Tuwaandike na shomoro: ombi kwa wanaorekodi wanyama wa mjini

Mhariri,

Kwa muda sasa gazeti lako limekuwa likiwapa wasomaji nafasi ya kutuma picha za wanyama na ndege wanaowaona mjini, nami ni miongoni mwa wanaoufungua ukurasa huo kabla ya kurasa nyingine zote. Nimeona humo kozi aliyetua juu ya mnara wa simu, kicheche akikatiza barabara usiku, na kipepeo ambaye wasomaji walibishana juu ya jina lake kwa wiki nzima. Ninashukuru kwa nafasi hiyo, na sitaki barua hii isomwe kama lawama. Hata hivyo, tangu ukurasa huo uanze sijaona hata mara moja picha ya shomoro, ya njiwa, wala ya mjusi anayetambaa ukutani karibu na taa. Anayewaona kila siku hadhani kwamba wanastahili kuandikwa. Mimi naamini hao ndio wanaostahili kuandikwa kwanza, na ninaomba unipe nafasi nieleze sababu.

Mwaka 1925 Mwingereza mmoja kijana, Max Nicholson, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa watu mashuhuri katika uhifadhi wa mazingira, alishirikiana na ndugu yake kuwahesabu ndege wa bustani ya Kensington Gardens, katikati ya jiji la London. Waliwahesabu ndege wote, pamoja na wale ambao hakuna mtu angegeuza shingo kuwatazama. Shomoro walikuwa 2,603. Bustani ile ile ilihesabiwa tena mwaka 1948, wakapatikana 885. Mwaka 1975 walikuwa 544. Na mwaka 2000 walibaki 8. Katika miaka hiyo 75 hakuna siku hata moja ambayo mtu alitembea bustanini humo akasema kwamba leo shomoro wametoweka, kwa kuwa kila kizazi kiliikuta idadi iliyokuwapo na kuiona kuwa ndiyo ya kawaida. Tunaufahamu upungufu huo kwa sababu moja tu: mtu alijisumbua kumhesabu ndege wa kawaida kuliko wote, wakati ambapo jambo hilo lilionekana kuwa halina maana yoyote.

Sababu za upungufu huo bado zinachunguzwa. Wapo watafiti walioonyesha kwamba makinda hukosa wadudu wa kutosha pale ambapo bustani zimesakafiwa na vichaka vimeng'olewa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliuhusisha upungufu wa shomoro wa London na malaria ya ndege. Lakini maswali hayo yasingeulizwa kabisa kama zisingekuwapo zile hesabu za mwanzo. Mtafiti hawezi kurudi mwaka 1925 kuhesabu.

Kazi hii ya watu wa kawaida kukusanya taarifa za viumbe kwa ajili ya utafiti wengine huiita sayansi ya wananchi. Mimi napendelea kuiita sayansi shirikishi, na ningeomba tuliepuke jina la sayansi ya jamii linalotumiwa na baadhi ya watu, kwa sababu jina hilo tayari lina maana yake nyingine katika vyuo na shule zetu. Leo kazi yenyewe imekuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa wakati wa kina Nicholson. Jukwaa la iNaturalist, lililoanzishwa mwaka 2008, humwezesha mtu mwenye simu janja kupiga picha ya kiumbe, kuiwekea tarehe na mahali, kisha kuwaachia watumiaji wengine walithibitishe au walisahihishe jina. Zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wakikubaliana juu ya spishi, taarifa hiyo huhesabiwa kuwa inafaa kwa utafiti, na nyingi za namna hiyo huishia katika hifadhidata ya kimataifa ya taarifa za viumbe iitwayo GBIF, yenye makao yake Copenhagen, ambako mtafiti wa nchi yoyote anaweza kuzisoma. Programu yenyewe hupendekeza jina mara tu inapopewa picha. Huo ni msaada mkubwa, lakini nimewaona watu wengi wakilikubali jina la kwanza bila kukitazama kiumbe mara ya pili, na kosa la namna hiyo ni gumu kuliondoa likishanakiliwa. Asiye na hakika aandike "ndege" au "kipepeo" aishie hapo, awaachie wajuzi waendelee.

Nikirudi kwenye hoja yangu, urahisi huu wa simu umetuletea pia mazoea ya kukimbilia kilicho adimu. Tangu mwaka 2016, kwa mfano, kuna shindano la kila mwaka la kurekodi viumbe wa mijini, lililoanza kati ya Los Angeles na San Francisco na sasa limeenea katika mamia ya miji duniani. Ninalipenda shindano hilo, maana limewatoa nje watu ambao hawakuwahi kuinama kutazama jani. Lakini siku chache za pilikapilika kwa mwaka hutuonyesha kiumbe fulani yupo wapi, na kwa shida sana hutuonyesha kama anaongezeka au anapungua. Jambo hilo la pili linamhitaji mtu anayerudi mahali pale pale, kwa namna ile ile, tena na tena, akiwaandika wote aliowaona.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu hatukufundishwa. Kila mtu anajua kwamba taarifa inahitaji tarehe na mahali. Kinachosahaulika ni kuandika juhudi: ulianza saa ngapi, ulikaa dakika ngapi, ulitembea umbali gani, mlikuwa wangapi. Tuseme mtu aliona shomoro 12 mwaka jana na mwaka huu, katika wiki hiyo hiyo, ameona 4. Kama mwaka jana alikaa saa nzima na mwaka huu alitazama kwa dakika tano akisubiri basi, tarakimu hizo mbili hazitufundishi lolote. Ndiyo maana jukwaa la kurekodi ndege liitwalo eBird, lililoanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell kwa kushirikiana na shirika la Audubon la Marekani, humtaka mwangalizi ataje muda na umbali, kisha humuuliza kama orodha yake inawataja ndege wote aliowatambua. Jibu la "ndiyo" kwa swali hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Linaugeuza ukimya kuwa habari, kwa maana ndege asiyekuwamo katika orodha kamili ni ndege ambaye mtu alikuwa tayari kumwandika na hakumwona. Katika orodha ya ndege adimu pekee, kutotajwa kwa shomoro hakumaanishi chochote. Huenda walikuwa mia, huenda hakuwapo hata mmoja.

Nasema haya kwa uchungu wa mtu aliyepoteza. Nilipoanza kuandika nilijaza daftari zima kwa miaka miwili, na kila ukurasa una ndege mmoja au wawili walionishangaza siku hiyo. Sasa ninapotaka kujua njiwa walikuwa wangapi nje ya dirisha langu kabla miti ya mtaa haijakatwa, daftari hilo halina jibu, ingawa nilikuwa nimesimama pale pale, macho yangu yakiwatazama.

Wapo watakaosema kwamba viumbe wa kawaida hawana jipya la kutufundisha. Konokono wa bustanini aina ya Cepaea nemoralis ni wa kawaida mno nchini Uholanzi, na gamba lake huweza kuwa la njano, la waridi au la kahawia. Watafiti waliwaomba wananchi wawapige picha konokono hao kwa simu popote wanapowakuta, wakapokea picha kwa maelfu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba magamba ya njano ni mengi zaidi katikati ya miji kuliko nje yake. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mji huhifadhi joto, na gamba la rangi hafifu halipati joto haraka kama lile lenye rangi iliyokolea. Mabadiliko hayo yaligunduliwa kwa kuwakusanya kwa wingi wale konokono ambao watu huwakanyaga bila kujua.

Tena, anayemfahamu wa kawaida ndiye anayemtambua mgeni. Jeremy Feinberg, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rutgers, aliwasikia vyura katika kisiwa cha Staten Island, ndani ya jiji la New York, ambao mlio wao haukulingana na mlio wa vyura aliowategemea. Ilibainika kwamba walikuwa spishi ambayo sayansi ilikuwa haijaipa jina, na mwaka 2014 ikaitwa Rana kauffeldi. Hilo lilitokea katika jiji lenye mamilioni ya watu na makumbusho makubwa, na lilimhitaji mtu ambaye masikio yake yalikwisha kuizoea milio ya kila siku. Simu zetu zinarekodi sauti vilevile. Nchini Australia makumbusho ya Australian Museum yamekuwa yakipokea tangu mwaka 2017 milio ya vyura iliyorekodiwa na wananchi kwa programu ya FrogID, na wataalamu huisikiliza na kuitambua.

Hata aliyekufa aandikwe. Mwaka 1978 David Willard, mfanyakazi wa makumbusho ya Field Museum mjini Chicago, alisikia kwamba ndege hugonga vioo vya jengo la mikutano la McCormick Place, kando ya ziwa, akaenda kutazama. Aliendelea kwenda alfajiri, msimu baada ya msimu wa ndege kuhama, kwa miongo kadhaa, na tangu mwaka 2003 lipo pia kundi la watu wa kujitolea wanaozunguka katikati ya jiji hilo wakiwaokota majeruhi na maiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia vipimo vya ndege 70,716 waliookotwa Chicago na kuonyesha kwamba katika miaka 40 miili yao imekuwa midogo na mabawa yao yamerefuka. Kisha, mwezi Oktoba 2023, karibu ndege 1,000 walikufa katika jengo hilo moja kwa usiku mmoja. Watu walishtuka, lakini mshtuko peke yake ungesahaulika. Kilichowapa wahifadhi nguvu ya kudai hatua ni ile kumbukumbu ya miaka mingi isiyopingika. Mwaka 2024 vioo vilibandikwa utando wenye nukta ambazo ndege huziona, na vifo vikapungua sana.

Niseme pia juu ya mahali panapokosa taarifa kabisa. Waangalizi wengi hurekodi karibu na makazi yao au katika bustani zinazopendeza, mara nyingi siku za mapumziko. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mitaa ambayo katika miaka ya 1930 iliwekewa alama nyekundu kwenye ramani za mikopo ya nyumba kuonyesha kwamba ni hatari kuikopesha, ambayo mingi ilikuwa mitaa ya watu weusi na wahamiaji, hadi leo ina taarifa chache za ndege kuliko mitaa iliyopendelewa. Ninaogopa siku mpangaji wa mji atakapoitazama ramani ya namna hiyo, aone eneo tupu, aamue kwamba hapo hapana kiumbe wa kuhurumiwa, na kuidhinisha ujenzi. Wasomaji wako wanaoishi katika mitaa isiyopigwa picha na mtu ndio wenye taarifa ambazo hakuna mwingine anaweza kuzitoa, na ningefurahi kuona wamealikwa kwa namna ya pekee.

Tahadhari zipo na ni chache. Mahali pa kiota pasitangazwe gazetini, hasa cha ndege wanaowindwa au kuuzwa; majukwaa mazuri huficha yenyewe mahali halisi pa spishi zilizo hatarini, nasi tufanye vivyo hivyo. Popo aliyeanguka asishikwe kwa mikono mitupu. Picha isionyeshe nyumba au uso wa jirani ambaye hakuombwa ruhusa.

Ombi langu, Mhariri, ni robo ukurasa kila wiki, kando ya picha za sasa, kwa ajili ya hesabu za wasomaji: mahali pamoja ambapo msomaji amepachagua mwenyewe, dakika kumi, ndege wote anaowatambua, na sifuri iandikwe pale inapostahili. Hesabu hizo zihifadhiwe na gazeti mahali ambapo mtafiti anaweza kuziomba, na wenye simu wahimizwe kuziweka pia katika majukwaa niliyoyataja. Naanza mimi, kwa matumaini kwamba mwingine atafuata.

Jumamosi, saa 1:10 hadi saa 1:20 asubuhi, mwangalizi mmoja, dirisha lile lile, hakuna mvua. Njiwa 14. Kunguru 3. Shomoro 6, wawili wakibeba majani makavu. Mbayuwayu 0.

Wako mwaminifu,
Msomaji