Flashi yako na ule ukuta

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Neema,

Habari za Mwanza? Sisi huku wazima, joto tu linatukaanga. Ulinitupia ile flashi dirishani basi likiwa limeshaanza kurudi nyuma, ukapiga kelele, "Anza na ya ukuta!" Haya, nimeanza nayo, na nina neno nawe.

Jana nilipika mapema, watoto nikawapeleka kwa bibi yao. Mdogo wangu akaja na wenzake wawili wa kijiweni, bodaboda zote tatu zikapangwa uani. Nikaweka The Wall. Dakika zinakwenda, watu hawaongei, ni nyimbo juu ya nyimbo. Mdogo wangu akanigeukia: "Dada, hii sinema au mkanda wa kwaya?" Nikacheka, lakini ana haki. Wale jamaa wa kutafsiri kwenye vibanda umiza wangeitafsiri vipi filamu hii, wakati maneno yake ya kuongea ni ya kuhesabu?

Nikawaeleza ulivyonieleza wewe. Kwamba ilianza kama santuri mbili za bendi ya Pink Floyd, 1979, kisa kimoja kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha Alan Parker akaitengenezea picha mwaka 1982. Kwamba Roger Waters, mtunzi wa bendi hiyo, alimtemea mate shabiki kwenye onyesho la Montreal mwaka 1977, akajishtukia, akaanza kuwaza ukuta kati yake na watu. Na kwamba baba yake alifia vitani Anzio, Italia, mwaka 1944, mtoto hata kutambaa bado. Hilo la baba ndilo lililowanyamazisha. Mmoja wao naye hakumwona wake.

Tukafika kwa wale wanafunzi waliovishwa sura za bandia, wote sura moja, wanatumbukia kwenye mashine ya kusaga nyama. Pap! Umeme ukakatika.

Tukasubiri, wapi. Nikakumbuka umeniwekea na albamu humo humo, na ile spika yangu ya kuchaji inasoma flashi. Tukaicheza yote gizani, mlango wazi, mbu wanatula. Shoga, ilikuwa filamu nyingine kabisa. Ulipopita wimbo wa mwalimu, yule kijana mcheshi kuliko wote akasema darasa la tano mwalimu alimkuta anachora mabasi, akalichana daftari mbele ya darasa zima, na yeye hajachora tena. Alikuwa bado hajui kwamba kwenye filamu Pink, yule mhusika mkuu, anasomewa na mwalimu mashairi yake kwa kejeli vilevile. Pale alikuwa nje anapokea simu ya abiria. Nilipomwambia, akaguna tu.

Ndiyo maana sikubaliani nawe kwamba picha ndiyo inayoikamilisha albamu. Picha imeupa ukuta uso mmoja, wa Bob Geldof. (Anaigiza vizuri, simnyimi. Ndiye huyo huyo wa tamasha la Live Aid la 1985, ambako Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, aliwachezesha watu Wembley kama kwaya yake.) Gizani kila mtu alikuwa na ukuta wake. Na ule wimbo wa watoto wa shule nadhani haukuhitaji mashine ya nyama. Mwaka 1980 serikali ya makaburu iliupiga marufuku, maana wanafunzi Weusi walikuwa wanauimba kugomea elimu waliyokuwa wanapewa. Wale picha yao walikuwa nayo tayari.

Leo mchana umeme umerudi, wakaja wenyewe bila kuitwa. Nikawawekea Quadrophenia. Hapo ndipo palipokuwa na sinema! Albamu ni ya bendi ya The Who, 1973, lakini Franc Roddam alipoitengeneza filamu, 1979, aliziacha nyimbo zikae nyuma, watu wakaongea, wakatukanana, wakapigana ufukweni Brighton. Vile vipikipiki vilivyojazwa vioo mbele viliwamaliza. Gari la posta lilipokisaga cha Jimmy, yule kijana mhusika mkuu, swali la kwanza lilikuwa: "Chake, au cha mkataba?" Na yule mwanamuziki Sting, anayeigiza mfalme wa mtaa, Jimmy anakuja kumkuta hotelini na sare, anabebea wageni mizigo. Nilitegemea watacheka. Mdogo wangu akasema, "Sasa na yeye ale wapi?"

Tommy, ile filamu nyingine iliyotokana na albamu ya The Who, niliitazama peke yangu, nusu nikiwa napiga pasi. Kelele tupu. Tina Turner alinitisha, hilo nakubali, ila Ann-Margret kugaagaa kwenye maharage yote yale siwezi kumsamehe mwongozaji Ken Russell, na bei ya maharage Tandale unaijua.

Flashi nitaikabidhi kwa konda wa basi la Alhamisi, imefungwa kwenye gazeti, pamoja na kile kitenge cha mama. Niongezee albamu, filamu zipunguze. Na ile nusu iliyobaki ya The Wall sijaitazama. Ukuta nimeshausikia ukianguka, sina haraka ya kuuona.

Msalimie Baba Neema, na Neema mwambie shangazi anadai barua.

Wako shoga,
Mama Salim