Shukrani kwa dada mpima ardhi

Dada, hukutaka jina litajwe. Pokea asante hivyo hivyo, kwa kutusaidia kupata ardhi ya chuo kijijini.

Wengi hudhani chuo cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania) kinaanza na matofali. Kinaanza na muhtasari, yaani maandishi ya yaliyoamuliwa mkutanoni. Ulitukumbusha kuwa kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 huridhiwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, si halmashauri ya kijiji peke yake. Mahudhurio yawe na jina, kitongoji na saini, au dole gumba. Hapo ndipo mambo huharibika: mahudhurio ya kikao cha mbolea yakibandikwa kwenye muhtasari wa ardhi, akipinga mtu mmoja tu, kazi inasimama.

Asante kwa kung'ang'ania fidia ihesabiwe kabla greda halijaingia, mwembe kwa mwembe, kaburi kwa kaburi. Na kwa kuwaweka kina mama na vijana katika vikundi vyao (mbele ya wazee hawasemi), ndipo yakatajwa mabweni ya wasichana.

Ramani uliyochora mchangani kwa kijiti iliwaingia watu kuliko ya karatasi: kisima hapa, njia ya ng'ombe pale, uzio usiikate.