Kabla hujampa fundi ile rivolva

Hamisi ndugu yangu,

Salaam. Nimezitazama picha za bastola uliyoinunua huko Texas. Fungua silinda uangalie kwenye fremu, pale mkono wake unapojikunja: imegongwa MOD. 10, kistari, kisha tarakimu. Mtajie fundi tarakimu hiyo kabla ya lolote, maana vipuri vilibadilika toleo kwa toleo. Smith & Wesson walianza kuiunda mwaka 1899 kwa jina la Military & Police, na jina la Model 10 likaja 1957. Zimetengenezwa nyingi mno, vipuri vyake havisumbui kupatikana, kwa hiyo pesa utakayoitia haipotei.

Umeniuliza kuhusu rangi. Rangi iache mwisho kabisa. Silinda isiyojifunga sawasawa ni hatari kwako na kwa aliyesimama kando yako, hata bastola ing'ae namna gani.

Hakikisha vyumba vyote sita vya risasi kwenye silinda ni vitupu, kwa macho na kwa kidole. Kisha bana silinda kidogo kwa kidole ili iwe nzito kuzunguka, na uvute nyundo nyuma polepole mno. Nyundo ikifika pa kushika, silinda iwe imeshajifunga. Rudia kwa kila chumba, kwa sababu mara nyingi kinachochelewa ni kimoja au viwili tu. Chumba kikichelewa, risasi huingia kwenye kasiba, yaani mtutu, upande upande, ikakwanguliwa ukingoni, na vipande vya madini vikaruka pembeni. Aghalabu kilicholika ni kile kidole cha chuma kinachosukuma silinda. Fundi huweka kipya, kinene kidogo, akakipunguza kwa jiwe hadi kikae.

Halafu pima nafasi kati ya silinda na kasiba kwa fila geji, ileile ya mafundi gari. Pima silinda ikiwa imesukumwa nyuma, kisha ikiwa mbele. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mchezo wake, yaani kucheza kwake mbele na nyuma. Nafasi ya inchi 0.004 hadi 0.006 ni nzuri. Ikikaribia 0.010 fundi aiangalie, na ikiwa chini ya 0.003 masizi yataikwamisha silinda baada ya risasi chache. Mchezo huondolewa kwa shimu, vipete vyembamba vya chuma vya inchi 0.002, na huondolewa kwanza, kabla ya mtu kugusa kasiba.

Sasa traiga. Ya kiwandani, ukivuta bila kukoki (bila kurudisha nyundo nyuma kwanza), huwa karibu na pauni 12. Fundi mzuri huishusha hadi 9 hivi kwa kulainisha sehemu zinazosuguana na kubadilisha springi inayorudisha traiga. Kuna ujanja wa kulegeza skrubu iliyo mbele ya mpini, inayokaza springi kuu. Usiufanye! Traiga huwa nyepesi, lakini fataki, kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, hupigwa kinyonge, na risasi ya tatu au ya nne haiwaki. Skrubu hiyo hukazwa mpaka mwisho. Nyundo na traiga nazo zimekomazwa juu juu tu. Ukizipiga msasa mwenyewe utatoboa ganda hilo na kufikia chuma laini. Na ukiharibu pembe ya meno yao, nyundo iliyokokiwa inaweza kuanguka kwa kusukumwa tu.

Kifuniko cha ubavuni hakibanduliwi kwa bisibisi. Hugongwa fremu ya mpini kwa kipande cha mbao mpaka kiachie chenyewe. Skrubu zake zisichanganywe, ile ya mbele ndiyo inayoshika mkono wa silinda. Na fundi arudishe kile kijichuma chembamba kinachozuia nyundo isifike kwenye fataki bastola ikidondoka. Bila hicho bastola hufanya kazi vizuri tu, ndiyo maana wengi hawagundui kuwa kimesahaulika.

Mpini wa mbao ya walnut utakupa raha kuliko kitu kingine, ila pima kwanza kama kitako chako ni cha mviringo au cha mraba. Shabaha ya mbele, kile kijichuma cha kulengea juu ya kasiba, usiiguse tupa mpaka uchague aina moja ya risasi utakayotumia daima: ukiipunguza, risasi hupiga juu zaidi, na chuma kilichotoka hakirudi.

Ukibaki na hamu ya rangi, sharti la kwanza ni mng'arishaji asile herufi wala kingo za matundu ya skrubu. Namba ya usajili isiguswe kabisa. Kuifuta ni kosa la jinai Marekani. Awe fundi mwenye leseni ya serikali kuu. Akilaza bastola kwake ataiandika kitabuni, na akikurudishia wewe mwenyewe hakuna fomu mpya ya kununulia.

Siku ya kuichukua, rudia kipimo cha silinda mbele yake, chumba kwa chumba, na udai vipuri vya zamani kwenye mfuko.

Wako,
Salim