Kwa nini bei ya kumtunza mama ilipanda mwezi wa pili

Mwezi huu tena nimeitwa mwizi. Familia ilikubali bei, mama yao akahamia kwenye nyumba yetu ya kutunzia wazee, halafu tukawaandikia barua ya bei mpya. Kaka mkubwa akauliza kama sisi hupandisha bei kama nauli za Krismasi.

Hapa jimbo la Washington nyumba kama yetu huruhusiwa wazee 2 hadi 6. Chache zenye kibali cha ziada hufika 8. Ni nyumba ya kawaida mtaani, jiko moja, meza moja. Mmoja asipolala usiku, hakuna wodi nyingine ya kumpeleka. Inabidi niweke mhudumu wa kukesha, naye hulipwa kwa saa. Pesa zenu zinakwenda huko.

Kwenye tathmini, yaani tulipouliza hali ya mama kabla ya kupanga bei, kaka alisema mama hulala fofofo. Kumbe walikuwa wakimpa vidonge vya aleji, vile vya kusinzisha vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Mwenye dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kama alio nao mama, dawa hizo humzidishia kuchanganyikiwa, na akiamka kwenda chooni anaweza kuanguka. Daktari wake alipoziondoa, tukauona usiku wenyewe: saa tisa mama kavaa viatu, yuko mlangoni, anakwenda kukama. Kengele ya mlango inalia. Mhudumu wetu habishani naye, wala hamwambii kwamba hapa ni Tacoma na ng'ombe waliuzwa zamani. Humuuliza yule mwekundu siku hizi anatoa maziwa kiasi gani. Wanakaa, wanakunywa chai, wanazungumza habari za zizi mpaka mwenyewe anavua viatu. Kazi hiyo haifanywi na mtu aliyelala kwenye kochi.

Wengine wanasubiri Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ilipe. Jamani, Medicare hulipia hospitali na muda mfupi wa kupata nafuu, si malazi na matunzo ya miaka. Medicaid, mpango wa serikali kwa wenye uwezo mdogo, ndiyo husaidia, kwa anayestahili kwa kipato na mali, na si kila nyumba inaipokea. Ulizeni kabla ya kumhamisha mzee.

Siku hizi tathmini tunaifanya jioni, hapo hapo kwenu. Asubuhi mzee huwa mchangamfu, anasalimia mpaka mgeni anajiuliza ugonjwa uko wapi. Wekeni dawa zote mezani, za dukani na hata za mitishamba zilizotumwa kutoka nyumbani. Na yule anayelala naye chumba kimoja awepo. Maswali yangu mengi ni yake, si ya anayelipa.