Barua ya wazi kwa Msajili wa Viuatilifu: tunaomba ukurasa mmoja tu

Mheshimiwa Msajili,

YAH: RIPOTI ZA KOMPYUTA KATIKA MAOMBI YA USAJILI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea shukrani zetu kwa kutujibu hatimaye. Barua yako ya wiki iliyopita inasema ripoti ya kompyuta aliyoambatisha mwombaji, yaani makadirio ya programu kuhusu sumu ya kiuatilifu chake, "imepokelewa na inajitosheleza". Kwenye kikao cha wadau uliahidi mwongozo wa kupima ripoti za aina hiyo. Mwongozo haujaja, muhuri umekuja.

Hatupingi modeli, yaani programu zinazokadiria sumu ya kemikali kwa kuangalia muundo wake. Zinaokoa panya, fedha na miezi ya kusubiri. Tunachopinga ni karatasi yenye neno "salama", isiyosema modeli ilifunzwa kwa kemikali zipi.

Chukua mankozebu, dawa ya kuua ukungu wa mimea. Ni polima yenye manganizi na zinki, ilhali modeli nyingi zimefunzwa kwa molekuli ndogo za kaboni zisizo na metali. Mwombaji akiingiza msimbo wa SMILES, yaani muundo wa molekuli ulioandikwa kwa herufi na alama, programu inaweza kuziondoa metali kimyakimya, ikakadiria kipande kilichobaki na kutoa jibu safi kabisa, la kitu ambacho hakimo mfukoni. Wala haitagusa ethilinithiourea, zao la kuvunjika kwa mankozebu linalodhuru tezi ya thairoidi, mpaka mtu aiingize kwa mkono wake. Klopairifosi, dawa ya kuua wadudu, ni vivyo hivyo: yenyewe ina nguvu ndogo dhidi ya kimeng'enya cha neva, ila ini huibadilisha salfa yake kwa oksijeni, na oksoni inayozaliwa hapo ndiyo inayokifunga kimeng'enya. Modeli ya kimeng'enya pekee, ikipewa molekuli mama, inaweza kuipitisha huku ikitabasamu.

Ripoti mliyoipokea inatabiri jambo moja: kama kemikali itabadilisha vinasaba vya bakteria. Hilo halisemi lolote juu ya ini, mapafu wala neva. Na hata kwa swali hilo moja, mwongozo wa ICH M7, wa kimataifa, kuhusu uchafu katika dawa za binadamu unadai modeli mbili, moja ya kanuni za wataalamu na nyingine ya takwimu. Ninyi mmeridhika na moja, tena isiyotajwa jina wala toleo.

Tuje kwenye namba. Tuseme modeli imekadiria LD50 ya mdomo, yaani kipimo kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio wakimeza, kuwa miligramu 120 kwa kilo ya uzito wa mwili. Kukosea kwa nusu ya kizio cha logi ni jambo la kawaida kwa makadirio haya, yaani mara tatu hivi juu au chini: kati ya 38 na 380. Daraja la II la sumu za viuatilifu la Shirika la Afya Duniani (WHO) linaanzia 50. Chini ya hapo ni Ib, sumu kali. Kwa hiyo lebo yenyewe inaweza kuwa ya uongo, na anayeisoma amebeba bomba mgongoni, mara nyingi bila glavu. Hapo hatujagusa viyeyusho vilivyomo kwenye chupa, ambavyo modeli ya kiambato amilifu, yaani sumu yenyewe, haivioni kabisa.

Huenda idara haina aliyefunzwa kuzisoma ripoti hizi. Huenda foleni ya maombi inawasukuma. Sisi tunaoletewa mafaili hayo tuyachambue tunabaki kukisia, kisha lawama zikija zinatukuta sisi kwanza.

Tunaomba ukurasa wa mipaka ya modeli. Uonyeshe msimbo ulioingizwa kama ulivyoingizwa, jina na toleo la programu, kemikali zinazofanana na hiyo pamoja na vipimo vyake vya maabara, na mazao yake ya ndani ya mwili. Si jambo geni: kanuni za OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi, za 2004 kuhusu modeli hizi ni tano, na ya tatu ni hiyo hiyo mipaka. Wala si ghali. VEGA, mojawapo ya programu hizi, ni ya bure. Inatoa kemikali sita zinazokaribiana zaidi na kipimo cha kati ya 0 na 1 cha kama molekuli imo ndani ya mipaka. Mwombaji asiyeuleta ukurasa huo ama hakuuangalia, ama aliuangalia akauacha mezani kwake.

Faili lililopitishwa wiki iliyopita lirudishwe, na ukurasa huo uombwe. Mwongozo mliouahidi unaweza kufuata baadaye. Ukurasa mmoja, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wachambuzi wa mafaili ya viuatilifu