Paa la Darasa Linavuja: Harambee ya Jumamosi

Assalamu alaikum na Bwana asifiwe, wazazi, majirani na nyote mliosomea shule yetu hapa Kisauni.

Tunaona haya kubisha hodi tena, maana ni nyinyi hao hao mliotununulia tangi la maji na kutuezekea vyoo. Lakini mvua za Mei zimetuumbua. Mabati ya darasa la gredi ya 6 yameliwa na kutu, na usiku mmoja maji yalishuka kwenye ukuta ambao watoto walikuwa wameubandika historia ya Mombasa kwa vipande vya magazeti, leso na magunia. Gundi yao ni uji wa unga wa ngano. Asubuhi tulikuta Ngome ya Yesu iko sakafuni, imevimba kama mkate uliotumbukia chaini.

Kwa msioijua kazi hii: mwalimu hawanakilishi watoto nukuu. Huwapa kisa, wao wakakiunda kwa makaratasi. Ngome ilianza kujengwa na Wareno 1593, na Waarabu wa Oman wakaizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Watoto walikata kuta kwenye mfuko wa saruji, bahari wakaitoa kwenye leso ya buluu, ndani wakajaza Wareno watupu. Mwalimu akawaambia mlikuwemo Waswahili pia, watu wa Faza kisiwani Pate, na kwamba maradhi yaliua wengi mle ndani. Zikazuka kelele! Mtoto mmoja akauliza, "Sasa sisi tulikuwa upande gani?" Wakabandua, wakabandika upya, na ubishi haujaisha. Sisi wa kamati tulisoma vita hivyo kwa kukariri, na swali hilo halikutujia hata siku moja.

Ukuta wa pili ulikuwa wa reli, iliyoanzia hapa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na kando yake tiketi za treni ya Miritini mlizowapa watoto. Nao umelowa. Ukuta wa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza 1913, haujaanza, kwani darasa limefungwa na watoto wanasomea chini ya mwembe.

Mabati, mbao, misumari na fundi ni shilingi 140,000. Kabati la kuhifadhia kazi zao ni 18,000. Tulizonazo ni 31,500. Mtaa huu huu juzi ulichangia harusi, watu wakala pilau mpaka barabarani, Mungu awazidishie. Tunaomba mkono huo ufike na shuleni.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa tatu asubuhi, uwanjani. Kila senti itakatiwa risiti na hesabu itabandikwa mlangoni mwa ofisi. Asiye na pesa alete magazeti makuukuu, vipande vya leso, au pakiti ya unga. Picha za zamani za familia tutazipiga kopi na kuwarudishia siku hiyo hiyo.

Kamati ya wazazi